Trencha ya mnyororo au mashine ya kutoboa chini kwa chini? Kazi ya faiba upande wa Embakasi

MtaroMrefu
Wadau, habari za jioni. Nimepata kandarasi ndogo ya kulaza mabomba ya faiba, kama kilomita tatu na nusu, kutoka Embakasi kuelekea Utawala. Mabomba ni yale meusi ya milimita 40, mkataba unataka kina cha mita 1.2, na kuna mahali pawili tunavuka lami. Nimezoea kazi ya mkono huko Kikuyu kwenye udongo mwekundu. Huku naambiwa ardhi ni kiburi. Swali ni moja tu: ninunue trencha, ile inayochimba mtaro kwa mnyororo wenye meno, au mashine ya kutoboa chini kwa chini bila kufukua juu? Mambo ya sururu sitaki, muda umenibana na usingizi umepotea.

Sururu_Mkongwe
Kijana, 2009 zile nyaya za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilipofika Mombasa, Nairobi nzima iligeuka shamba la viazi. Tulichimba kwa mkono, na githeri saa sita. Kulikuwa na jamaa wa Machakos, akigonga jiwe mara moja anakwambia litapasuka au tupinde mtaro. Baadaye alimwoa mwenye kibanda cha githeri, sisi tukaanza kula kwa deni. Hizo mashine mnaenda nazo wapi?

KibaliKwanza
Kabla ya mashine, kibali kiko wapi? Barabara kuu ni za KeNHA, za mjini ni za KURA, za ndani ya mtaa unaenda kaunti. Hizo mamlaka mbili zimekuwepo tangu Sheria ya Barabara ya 2007, kwa hivyo hakuna cha kusema hukujua. Nyinyi ndio mnapasua bomba la maji alfajiri, mnafukia na kutoweka, watu wanaoga kwa jagi wiki nzima.

MtaroMrefu
Vibali ni vya kandarasi mkuu. Jamani, trencha au kutoboa?

MamaKompresa
Ndugu yangu, unachagua mashine na ardhi hujatuambia. Mimi hukodisha kompresa huko. Juu ni udongo mweusi: mvua ikinyesha unavimba na kunyonya gambuti, kiangazi unapasuka nyufa mkono unaingia. Chini yake maramu, kisha fonolaiti, lava ya zamani iliyoganda. Mnyororo wa kawaida kwenye udongo huo ukilowa unajaa tope na kuzunguka bure, na ukigusa jiwe unakumaliza kwa meno. Kina cha jiwe ndicho kitakachoamua. Mmechimba mashimo ya majaribio?

MtaroMrefu
Tulichimba machache. Hali ni ya kawaida.

MamaKompresa
Kawaida ni sentimita ngapi?

Mbogi_ya_Pipeline
Huyu anajibu kama landilodi akiulizwa maji yatarudi lini 😂

MtaroMrefu
Sawa. La kwanza lilifika mita bila shida. La pili tulikuta jiwe kwenye sentimita 50. La tatu hatukumaliza, mtaimbo ulipinda. Lakini hiyo ni sehemu tu, si njia yote. Na niseme ukweli, mashine ya kutoboa nimeshailipia arbuni. Iko yadi Mombasa, ni mtumba, nguvu yake ya kuvuta ni kama tani 5. Muuzaji anasema ukifunga kichwa cha mwamba inapita popote. Nilitaka tu kujua kama nimechagua vizuri.

Bentonaiti
Kumbe! Sasa sikiza, mimi kutoboa ndio mkate wangu. Mashine ndogo ya udongo ina kichwa chenye bamba la mshazari. Ukitaka kupinda unaacha kuzungusha, unasukuma tu, bamba linatafuta njia. Jiwe halisukumwi hivyo. Unahitaji mota inayozungushwa na majimaji ya bentonaiti, ule udongo laini unaokorogwa na maji, kule mbele, na mota hiyo inakunywa kuliko pampu ya hako kamashine inavyoweza kutoa. Au nyundo ya hewa, na hapo umwite MamaKompresa na kompresa kubwa. Au mashine ya fimbo mbili, moja ndani ya nyingine, ya ndani ikizungusha kichwa, ya nje ikielekeza. Hiyo siyo uliyolipia. Ukilazimisha, fimbo zitakatikia chini ya lami na utaziacha huko.

Hata udongo mweusi wenyewe haupendi maji matupu, unavimba na kubana bomba ukilivuta. Anza na ile soda ya kiwandani ya Magadi ndani ya maji, kisha bentonaiti, kisha polima, na usivute kwa pupa.

MtaroMrefu
Muuzaji amenitumia video ikitoboa jiwe. Na arbuni hairudi. Mnataka niitupe?

Jicho_la_SouthB
Wasee, hamnusi kitu? Alianza "ninunue ipi", sasa mashine ina yadi, ina tani, ina video. Keshokutwa atasema ameshindwa kulipa na anaiachia mwenye haja kwa bei ya hasara. Akaunti yenyewe ni ya juzi. Huyu ni dalali.

Sururu_Mkongwe
Mimi pia kuna kitu kilinikera. Mtaimbo kwa jiwe haupindi, unaruka na kukupiga mikono.

KibaliKwanza
Na kandarasi mkuu gani huyo asiye na jina? Wasimamizi fungeni huu uzi.

MtaroMrefu
Dalali gani anachukua mkopo wa sacco mdhamini akiwa shemeji yake? Mzee Sururu, mtaimbo ulipinda kwa sababu vijana waliuingiza kwenye ufa wakaning'inia wawili. Niliwakata pesa. Funga uzi mkitaka, mimi Jumatatu naingia saiti.

Sururu_Mkongwe
Wakining'inia wawili, basi hapo utapinda. Nimeridhika.

MamaKompresa
Acheni kijana. Salio usilitume. Kodi eskaveta ndogo yenye breka, ile nyundo ya kuvunja mwamba, kwa sehemu za jiwe, na karibu na nyaya za stima wachimbe kwa mkono. Lami zile mbili mpe mtu mwenye mashine ya mwamba. Halafu mwombe mkuu kwa maandishi akubali kina kifupi penye jiwe, bomba likifunikwa zege. Mkataba wako una bei ya mwamba kando na ya udongo?

MtaroMrefu
Bei ni moja kwa mita. Ya udongo.

Bentonaiti
😳 Sasa hiyo ndiyo ungeanza nayo.

MamaKompresa
Umeshatia sahihi?

MtaroMrefu
Nimetia. Lakini mkuu aliniambia kwa simu kwamba tukikuta jiwe tutaelewana.

Jicho_la_SouthB
Naondoa neno dalali. Dalali hawezi kukubali hivyo.

MamaKompresa
Kesho asubuhi piga picha mashimo, weka futi ndani isomeke, mtumie kabla hujagusa ardhi. Kwa barua pepe, si simu.

Mbogi_ya_Pipeline
Bosi, hao wawili uliowakata pesa washaenda? Gambuti niko nazo na siwezi ning'inia, nina kilo 52.