Mrejesho: viota vya madumu kwa kuku wa kienyeji

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza jinsi ya kutengeneza viota vya gharama nafuu, maana matetea wangu 14 walikuwa wanataga vichakani na mayai yanapotea. Asanteni sana kwa majibu.

Nilichukua ushauri wa madumu ya mafuta ya kula ya lita 20. Nilipata manne, nikayaosha kwa sabuni na maji moto, nikayalaza na kukata mlango upande wa mbele, nikiacha kizingiti cha sentimita 10 ili maranda yasimwagike. Kingo zilikuwa kali mno, nikazivika tyubu kuukuu ya baiskeli. Msiruke hatua hiyo.

Siku tano hakuna aliyeingia! Aliyeniambia nitundike kipande cha gunia mlangoni kuwe na giza, na niweke yai bandia ndani, Mungu akubariki. Kesho yake wawili wakataga humo. Sasa wamebaki watatu tu wanaokimbilia mgombani, bado nahangaika nao.

Maboksi ya karatasi yalinishinda. Yalilowa mvua, utitiri ukajaa, nikayachoma. Kwenye madumu nabadilisha maranda kila wiki na kunyunyiza majivu, mpaka leo sijaona utitiri.