Windows 10 ilishafika mwisho, wewe mashine yako umeifanyaje? Tupeane uzoefu

Mama Steshenari, Mwanza (mleta mada)

Habari za saa hizi wakuu. Naomba tuambiane kilichotokea kwenye mashine zetu wenyewe, za dukani, za shuleni, za nyumbani, maana maelezo yapo mengi ila mengi yameandikwa na watu ambao umeme haukatiki na hawanunui bando la kupima.

Kwa ambaye hakufuatilia, Windows 10 ilitoka Julai 2015 na Oktoba 14, 2025 Microsoft wakaacha kuitolea apdeti za bure za usalama. Mashine haizimiki, inawaka kama kawaida, ila tundu la usalama likigundulika leo halizibwi tena. Siku hiyohiyo na Office 2016 na 2019 nazo zikafikia mwisho. Sasa kilichobaki ni uhamie Windows 11, au ujiandikishe kwenye ule mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa apdeti wanaouita ESU, ambao unaishia Oktoba 13, 2026, au uhame kabisa uende Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta.

Mimi nina duka la steshenari, mashine tatu, mbili desktopu na moja laptop, zote Windows 10 na zote zinafanya kazi vizuri tu. Lakini kinachoninyima usingizi zaidi ni Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kadi na vipeperushi. Kadi za mchango, kadi za harusi, ratiba za ibada ya mazishi, vipeperushi vya kwaya, vyote nimevitengeneza humo tangu 2012. Mtu anakuja saa kumi na moja jioni macho mekundu, msiba ni kesho, anataka ratiba nakala 200. Nafungua ya zamani nabadilisha jina, tarehe na picha ya marehemu, natoa kopi ya kwanza aikague, dakika ishirini kamaliza. Na Publisher yenyewe inaondolewa Oktoba 2026, wenye Microsoft 365 (Office ya kulipia kila mwezi au mwaka) hawataweza hata kufungua mafaili yake. Kwa hiyo kila siku kabla sijafunga duka nageuza mafaili kumi, natoa PDF, na zile ninazozirudia mara kwa mara nazijenga upya kwenye Word. Nyie mmefikia wapi?

Fundi wa Arusha

Dada pole na hongera kwa kuanza mapema, wengi watakuja kushtuka mafaili yanagoma.

Mimi niongelee kitu kimoja tu ninachokutana nacho kila siku mezani kwangu, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Windows 11 haiangalii laptop ni nzuri kiasi gani, inaangalia kizazi cha prosesa, TPM 2.0 (chip ya kutunza funguo za usalama), Secure Boot (ulinzi wakati mashine inawaka), ramu angalau GB 4 na diski angalau GB 64. Kwa Intel mwanzo ni kizazi cha nane. Sasa soma namba yako hivi: i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, hicho kizazi cha sita, haiingii. i5-8350U, hiyo ya nane, inaingia. i5-10210U ina tarakimu tano, hapo soma mbili za mwanzo, ni ya kumi. Mtu ananiletea HP EliteBook 840 G3 na nyingine 840 G5, kwa macho ni ndugu kabisa, lakini G3 haimo na G5 yenye kizazi cha nane imo. Lenovo nako vivyo hivyo, T470 haimo, T480 yenye kizazi cha nane imo.

Na kuna ambao mashine zao zinafaa ila zinaambiwa hazifai kwa sababu TPM imezimwa tu kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla Windows haijawaka. Kwenye Intel utaikuta imeandikwa PTT, kwenye AMD fTPM. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika tpm.msc, usome chini kabisa toleo ni 2.0 au la. Nimewahi kuwasha hiyo kwa wateja watatu siku moja, wote walikuwa wameshaanza kutafuta hela ya laptop mpya.

Nipo Dodoma, mwanafunzi

Mimi nina la kusema na naomba mlisome hadi mwisho, hasa nyie wenye risachi zenu kwenye laptop.

Nilinunua laptop ya mkono wa pili dukani, ya kizazi cha nane, wakaniwekea Windows 11 safi kabisa, nikafurahi. Miezi miwili baadaye kuna fundi akaniambia ina joto sana tuapdeti BIOS. Akaapdeti, ikazima, ikawaka, ikaja skrini ya bluu imeandikwa BitLocker, kile kifungio cha diski cha Windows, inataka ufunguo wa tarakimu 48. Kuna mafungu nane ya tarakimu sita sita. Mimi nilidhani ni paswedi yangu ya kuingilia nikaiandika, ikakataa. Fundi naye akanyamaza, akasema labda tupige Windows upya, nikamshika mkono nikamwambia usiguse, sura ya tatu na ya nne ya risachi yangu zimo humo na fleshi niliyokuwa nayo ilikuwa na sura mbili za mwanzo tu.

Kumbe kuanzia toleo la 24H2 (la mwaka 2024) ukipiga Windows 11 upya na ukaingia kwa akaunti ya Microsoft, mashine nyingi zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza, na ufunguo unaenda kuhifadhiwa kwenye hiyo akaunti iliyotumika siku ya kwanza. Akaunti iliyotumika siku ya kwanza haikuwa yangu, ilikuwa ya kijana wa dukani aliyeniwekea. Na kijana alishaacha kazi pale.

Siku nne sikulala vizuri. Nilipewa namba yake na mwenzake, nikampigia, akawa muungwana sana, akaingia aka.ms/myrecoverykey kwa akaunti yake akakuta funguo za mashine kama thelathini za watu tofauti. Ikabidi nimsomee zile herufi nane za mwanzo za kitambulisho kinachotokea kwenye ile skrini ya bluu ili ajue wa kwangu ni upi. Akanisomea tarakimu kwenye simu, mimi naandika kwenye daftari kwanza, nikamrudishia zote 48, halafu ndo nikaziingiza. Ilipofunguka nililia.

Sasa hivi mashine iko kwa akaunti yangu, nimekopi kila kitu kwenye fleshi mbili, na ufunguo nimeuprinti uko ndani ya Biblia nyumbani. Ukitaka kuuona wa kwako fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike manage-bde -protectors -get C: utatoka hapo hapo. Fanya hivyo leo mashine ikiwa wazi, na kabla mtu hajagusa BIOS yako.

Mama Steshenari

Mdogo wangu pole sana. Nimetoka kuangalia laptop yangu sasa hivi, haijafungwa, namshukuru Mungu. Ila binti yangu yuko chuo na mashine yake iliwekwa na duka vilevile, nimempigia hapa hapa.

Fundi wa Arusha

Nakazia. Sisi mafundi tuache kuingiza mashine za wateja kwa akaunti zetu. Mteja aje na simu yake, afungue akaunti yake mwenyewe mbele yako. Na kabla ya kuapdeti BIOS unasitisha BitLocker kwanza, ni hatua ya dakika moja.

Mwalimu, Kakamega

Hamjambo. Mimi nasimamia maabara ya shule, tuna kompyuta 18 na modemu moja. Shida yetu kubwa ilikuwa data. Muhula uliopita tulianza kuinua mashine kumi na moja zilizokubali Windows 11, tukaziacha kila moja ishushe yake, data ya mwezi mzima ikaisha kabla ya Jumatano na hakuna hata moja iliyomaliza. Mwalimu mkuu aliniita ofisini.

Kilichotuokoa ni kushusha faili moja la usakinishaji usiku kwa ofa ya data, ni zaidi ya GB 5, tukaliweka kwa fleshi na kuendesha setup mashine baada ya mashine, mafaili ya wanafunzi yakabaki palepale. Zikishafika 24H2, kupanda hadi 25H2 iliyotoka Septemba 30, 2025 ni kitu kidogo sana, kwa sababu vitu vyake vilishaingia na apdeti za kila mwezi, inabaki kuviwasha tu na kuizima na kuiwasha mashine mara moja. Halafu tukawasha Delivery Optimization, hiyo inaruhusu kompyuta moja ikishashusha apdeti, wenzake wachukue kutoka kwake kupitia mtandao wa ndani bila kurudi intaneti. Na kwa laptop ya ofisi inayotumia hotspoti ya simu, tumeweka alama ya metered (mtandao wa data ya kupima) kwenye huo mtandao, kwa hivyo apdeti nyingi zinangoja hadi turuhusu.

Zile saba zilizobaki ni za zamani sana, tumeziwekea Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Watoto wa kidato cha kwanza wanaandika kwa LibreOffice (mbadala wa bure wa Office) na hakuna aliyelalamika. Tatizo pekee lilikuwa printa, ilichukua wikendi mbili.

Niko Ujerumani

Salamu kutoka baridi. Huku Ulaya ule mwaka wa ziada ni bure bila masharti ya bakapu, unatakiwa tu kuingia kwa akaunti ya Microsoft na uwe unaingia angalau mara moja kila siku 60. Nyumbani masharti ni tofauti kidogo, unachagua kulipa dola 30, au kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards (zawadi za kutumia huduma zao), au bure ukiwasha bakapu ya mipangilio yako kwenye OneDrive, hifadhi yao ya mtandaoni. Nimemfanyia mzee wangu Tanga kwa njia ya bakapu, nikiwa naiona skrini yake kwa mbali. OneDrive ya bure ni GB 5 tu na mzee ana picha za wajukuu kibao, kwa hiyo nikazima mafolda ya picha na dokumenti nikabakisha mipangilio peke yake, ikakubali.

Na mnaonunua laptop za mtumba mkae macho, kampuni nyingi huku zinatoa mashine za kizazi cha sita na cha saba kwa wingi kwa sababu hiihii ya Windows 11. Ni nzima kabisa, nzuri, bei imeshuka. Nunua kama utaweka Linux au kama unajua utakaa na ESU hadi Oktoba 2026. Ukiambiwa dukani ina Windows 11 tayari, soma namba ya prosesa kwanza, maana kuna wanaoiingiza kwa kuruka ukaguzi, na mashine ya hivyo Microsoft hawajajifunga kuipa apdeti.

Mhasibu Tegeta

Mimi nimebaki na Windows 10 na ESU kwa sababu programu yangu ya hesabu aliyeitengeneza bado hajaijaribu kwenye 11, na sitaki kuanza kukimbizana na hesabu za wateja mwezi wa kufunga mwaka. Nina mashine nne nyumbani na ofisini, leseni moja ya mtu binafsi inabeba hadi kompyuta kumi kwa akaunti ileile. Ila mjue hii ni ya mtu binafsi. Kampuni zina mpango wao, dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, na kila mwaka unaofuata bei inazidishwa mara mbili.

Mama Steshenari

Asanteni sana wote. Nimekaa na hii jioni yote. Desktopu moja nimesoma ni i5-8500, nikawasha PTT kwenye BIOS kama fundi alivyosema, ile programu yao ya ukaguzi, PC Health Check, imesema inafaa, njia ya fleshi ya mwalimu nitaifanya Jumapili duka likiwa limefungwa. Hii ya pili ni i3 ya kizazi cha nne, hiyo nitamwomba kijana anijaribie Mint nione kama fotokopi yangu itasomeka. Laptop ni ya kizazi cha sita, nimeenda Settings, Windows Update, nikaona pale pembeni maneno ya Enroll now, nikaingia kwa akaunti yangu mwenyewe, nikawasha bakapu ya mipangilio bila picha, ikakubali.

Mafaili ya leo kumi nimeshageuza. Nipo namba 340.