Naomba ushauri: kikao kinataka kupiga kura ya kumtaja mchawi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Niko Rungwe, juu kidogo ya Tukuyu. Watoto wawili wa jirani wamefariki msimu huu wa baridi. Hospitali walisema ni nimonia. Sasa vidole vinamwelekea bibi mmoja mjane anayeishi peke yake, mwenye shamba zuri la migomba na chai (hilo la shamba halisemwi, ila kila mtu analijua). Jumamosi kila kaya inatakiwa iandike jina kwenye karatasi, kisha waitwe lambalamba, yaani waganga wanaodai kufichua wachawi.

Nimeongea na mwenyekiti wa kitongoji. Nimemwambia Katiba, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake, na kwamba Sheria ya Uchawi inambana hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Akanijibu, "Lisemwalo lipo." Mchungaji naye anakwepa.

Kinachonisumbua, wengi wao si wakatili. Wamefiwa, wanataka jibu, na hilo neno nimonia haliwatoshi. Ila sioni rundo la karatasi linavyoweza kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyeliona.

Naomba mnisaidie: nikisimama kikaoni nianzie wapi ili wafiwa wasione nawadharau? Na je, mtendaji wa kata au polisi wanaweza kuzuia kura hiyo mapema, au husubiri mpaka mtu adhurike? Suala la kumhamisha bibi msiniambie, amekataa kabisa.