Uzamili unaisha: kusaka uhadhiri msaidizi au kwenda kwenye miradi na kampuni?

Mwanaudongo
Habari za jioni wakuu. Namalizia shahada ya uzamili ya sayansi ya udongo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, na tasnifu iko kwa watahini. Nina njia mbili: kuvizia tangazo la mhadhiri msaidizi, au kuingia kwenye mashirika, miradi ya kilimo na kampuni za mbolea. GPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 5) ya shahada ya kwanza ni 3.9, ya uzamili 4.2. Napenda sana kufundisha, ila nina wadogo zangu wananitegemea. Mliopita huko, naomba mnilinganishie jinsi kutafuta kwenyewe kulivyo. Mishahara tuiache kwanza.

Bint_Uluguru
Hongera mdogo wangu, na shukuru kwa hizo namba. Vyuo vya umma vinataka 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Mwenye 3.7 haitwi, hata awe mwalimu mzuri kiasi gani, na hili linaniuma kila ninapoona kijana mwenye kipaji anaachwa.

Mlango ni mwembamba ila unajulikana ulipo: Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali. Barua yenye sahihi iende kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, Dodoma. Nakala za vyeti zithibitishwe na wakili. Matokeo ya muda hayapokelewi, kwa hiyo fuatilia cheti mapema. Soma pia fani iliyotajwa kwenye tangazo neno kwa neno, maana wanaangalia shahada zote mbili.

Ukiitwa kuna mtihani wa mchujo, kisha mahojiano. Mimi jopo lilinipa ubao na kunitaka nifundishe jinsi udongo unavyoshika virutubisho. Mmoja wao akauliza kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye kemia imempita kushoto. Hapo ndipo wengi wanapoangukia: wanajibu kama wanatetea tasnifu, wakati anatafutwa mwalimu. Ukifaulu na nafasi zikawa zimejaa, jina linabaki kwenye kanzidata, unaweza kupangiwa kituo baadaye. Ni kusubiri, na kusubiri kunahitaji pa kula.

Mtu_wa_Miradi
Upande wetu mwendo ni mwingine. Tangazo likitoka leo, wiki mbili limefungwa, na wakiwa na haraka mwezi unaofuata mtu yuko kazini. GPA yangu hakuna aliyewahi kuiulizia. Wanauliza: umewahi kuandaa dodoso kwenye KoboToolbox, ile programu ya kukusanyia data? Umesimamia wadodosaji? Data zikija chafu unafanyaje?

Kwa hiyo usibebe CV ya chuoni kama ilivyo. Kichwa kirefu cha tasnifu hakimsaidii anayeajiri. Andika: "Nilisimamia mashamba ya majaribio ya wakulima wilayani Mvomero kwa misimu miwili, nikachambua data kwa programu ya takwimu ya R." Kurasa mbili zinatosha. Na wasalimie watafiti uliofanya nao kazi, kwa sababu vibarua vingi vya miezi mitatu havitangazwi kabisa, mtu anapigiwa simu tu.

Ubaya wake ni kwamba mkataba unakufa na mradi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, na baadaye shirika lake la misaada, USAID, likafungwa, watu wenye uzoefu wa miaka mingi walirudi sokoni kwa mpigo. Hao ndio utakaokutana nao kwenye usaili. Kampuni za mbolea haziyumbi sana kama miradi, lakini ujue utauza pia, siyo kupima udongo tu.

Kisumu_Ndogo
Huku Kenya usijilinganishe nasi moja kwa moja. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inataka PhD kwa mhadhiri, hivyo wengi wenye uzamili hufundisha kwa muda, kwa kulipwa kulingana na saa, na malipo huchelewa mno. Nyinyi bado mna ngazi ya kuanzia na uzamili. Itumieni.

Mwanaudongo
Asanteni sana. Nikianza na mradi miaka miwili, chuo kitaniona nimepotea njia?

Bint_Uluguru
Hapana. Utumishi wa umma unapokea waombaji hadi miaka 45, na uzoefu wa shambani unanogesha darasa. Kinachokufa ni uandishi. Toa makala moja kutoka kwenye tasnifu kabla hujaripoti kazini, ukiwa bado karibu na msimamizi wako, kwa sababu ukishaanza safari za vijijini hutaigusa. Portal usiifunge hata ukipata mkataba. Na kama ulisoma kwa mkopo, makato ya bodi ya mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yatakufuata kote kuwili, uyaweke kwenye hesabu za wadogo zako.

Mtu_wa_Miradi
Naunga mkono kuhusu makala. Ndugu, futa majina na namba za simu kwenye CV yako kisha uiweke hapa, tuipitie kabla ya matangazo ya msimu wa vuli.