Hiace 5L ya maziwa imeoza chini, nichomelee ama niuze tu?

Wa_Limuru
Wakuu habari za asubuhi. Niko na Hiace shaki (ile shepu ya zamani), injini ya dizeli ya 5L, ya 2003, namba ya KBL, inanibebea maziwa kutoka Limuru mpaka Umoja na Kayole. Injini haina maneno, inashika mara moja hata kwa ile baridi ya Julai, haikuli oili, haitoi moshi. Shida ni bodi. Sakafu ya nyuma imetoboka mpaka naona lami, chini ya mlango wa kusukuma inamomonyoka kama mandazi ya juzi, na madigadi ya nyuma ukigusa kipande unabaki nacho mkononi. Fundi mmoja ameniitisha 85,000 kazi yote na rangi, mwingine akasema 30,000 na anamaliza kwa siku mbili, sasa hapo ndio nimechanganyikiwa. Ukiongeza dizeli (inaenda kama kilomita 9 kwa lita), bushi, tairi, insurance na inspeksheni naona ni kama mimi ndio nafanyia gari kazi. Mama watoto anasema tuuze tuchukue loni ya sacco tununue ile Hiace ya shepu mpya, boksi. Mnasemaje?

Spana_Kumi
Boss, kabla uongelee pesa tuambie kutu iko wapi. Hapa Kariobangi Laiti naletewa hizi gari kila wiki na mtu huwa analilia madigadi na hiyo madigadi haiwezi kumuua. Hiace haina chasi yake pekee kama Canter, zile reli za chini zimechomelewa pamoja na bodi, kwa hivyo reli ikioza hakuna kuvua bodi ukaweka ingine. Peleka kwa shimo la fundi uone chini, chukua bisibisi na nyundo ndogo. Gonga reli mwanzo mpaka mwisho, sikiza sauti, ikibadilika ikuwe nzito ya kufa hapo kuna maneno. Halafu dunga pale springi za nyuma zimeshikiwa, na kule mbele toshonba (vile vyuma virefu vya springi ya mbele) zinashikwa. Bisibisi ikiingia hapo uza, tena uambie mwenye ananunua ukweli. Isipoingia, hizo zingine zote ni bati tu.

Na huyo wa 30,000 muulize anaweka bati ya geji gani. Najua jibu, atakuwekea ile ya kuezeka nyumba, geji 30 (namba ikipanda bati ni nyembamba), apake pati juu ipendeze, mvua ya Aprili ikipita unarudi. Unataka geji 18 kwa sakafu, na 16 mahali panabeba uzito. Akianza kuchomelea atoe terminali za betri na waya wa alteneta, usisahau hiyo.

Probox_Nation
Uza hiyo mkebe bro, nunua Probox, ile Toyota ndogo, mafuta kidogo, spea kila kona mpaka Kirinyaga Road wanakugombania.

Wa_Limuru
@Probox_Nation nabeba lita 600 siku nzuri.

HesabuKwanza
Lita 600 za maziwa ni zaidi ya kilo 600, hapo hujaweka mikebe yenyewe, na Probox imetengenezewa kilo 400. Atamaliza springi kabla amalize loni.

Lakini hata hiyo boksi tupige hesabu. Sema sacco wakupee 1.5M, asilimia moja kwa mwezi ya salio, miaka tatu. Hiyo ni karibu 50,000 kila mwezi, na mwenye kukukopesha kwa logbuku atataka insurance ya komprehensivu, hakuna thadi pati hapo. Hii ya kutengeneza, 85,000 ukiigawa kwa mwaka mmoja ni kama 7,000 kwa mwezi. Utasema ile mpya inakula mafuta kidogo, sawa, tuseme inafanya 11 kwa lita na wewe unafanya 9, kwa kilomita 100 umeokoa lita mbili. Lita mbili! Hailipi loni hiyo. Bei ya yadi nayo haitashuka juu ushuru wa forodha peke yake ulitoka 25 ukaenda 35 kwa mia hapo 2023, na gari ikipita miaka 8 haiingii Kenya, kwa hivyo kila mtu anang'ang'ania zile zile chache.

Kitu moja tu inaweza kunigeuza. Ikikulalia barabarani saa kumi na moja asubuhi, maziwa yanachacha na mama wa kibanda anaita mtu mwingine, na huyo mteja harudi. Sasa hapo wewe ndio unajua inakulalia mara ngapi.

Wa_Limuru
Hailali. Shida yake ni sura tu na hiyo sakafu.

Mama_Mtungi
Kaka, juu ya hiyo sakafu umeweka nini? Mimi nasambaza maji ya mitungi na nilinunua gari ikiwa na plaiwudi na kapeti ya raba juu, nikashangaa mbona inanuka.

Wa_Limuru
Plaiwudi na raba pia. Nilinunua ikiwa hivyo, na kila jioni tunamwaga maji tunasugua.

Mama_Mtungi
Basi ni hapo. Maji yanaingia chini ya plaiwudi hayatoki, na yenu yako na maziwa ndani, maziwa yakichacha ni asidi, inakula chuma usiku na mchana. Ukichomelea geji 18 halafu urudishe plaiwudi ile ile umetupa pesa. Acha sakafu ya chuma wazi na rangi nzuri, weka tu vipande vya raba vya kusimamisha mikebe, uvitoe kila jioni ikauke.

Spana_Kumi
Huyo mama aje tufanye kazi pamoja. Na pia hiyo boksi yenye injini ya dizeli ya D4D inataka dizeli safi, injekta zake zikiharibika utalia. Hiyo 5L yako ni pampu ya kawaida, inavumilia. Watu wanauza 5L nzima halafu wanarudi hapa kuulizia injini yake.

Wa_Limuru
Nimeipeleka kwa shimo leo mchana. Reli zinalia sawa pande zote. Kwa springi ya kushoto kuna magamba magamba lakini bisibisi haikuingia. Kitu imenitisha ni paipu ya breki ya kwenda ekseli ya nyuma, imeota kutu mpaka fundi hakutaka hata kuigusa.

Spana_Kumi
Sasa hiyo usilale nayo! Wewe unashuka kutoka Limuru na mzigo mpaka Waiyaki Way, paipu ipasuke hapo Rironi utasimamia wapi? Badilisha zote za chuma, si hiyo moja, na huoni hiyo ni pesa kidogo kuliko rangi. Rangi iwe ya mwisho kabisa, ukikosa pesa tembea na praima, hakuna mtu anakunywa maziwa ya rangi ya gari.

HesabuKwanza
Na inspeksheni ya kila mwaka ya magari ya biashara wataangalia breki. Bora uende kwa inspeksheni Likoni Road ukiwa umemaliza.

Wa_Limuru
Sawa. Breki kesho, sakafu na chini ya milango mwisho wa mwezi, rangi tutaona. Mama watoto amekubali ila amesema loni bado haijatoka kwa meza. Chini nipake andasili (ile rangi nzito ya kuzuia kutu) ama ile oili chafu ya injini?

Spana_Kumi
Oili chafu wazee walipaka na ikasaidia, lakini inakula bushi za raba na ikidondoka kwa breki ni hatari. Paka andasili, na gari iwe imekauka siku mbili kwanza, ukipaka juu ya unyevu umefungia kutu ndani. Halafu simama hapo fundi akipaka, chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutoa maji, wengi huviziba na hiyo andasili. Achukue waya avizibue kabla haijashika.

Probox_Nation
Mkiuza hiyo KBL mniambie bei lakini.