Maharage yamedumaa palipofukiwa gugu karoti: ni sumu ya mizizi?

Mkulima_Meru: Wakuu, naomba ushauri. Shamba liko nje ya Arusha. Gugu karoti lilifukiwa bichi, siku 5 baadaye yakapandwa maharage. Yameota machache, ya njano, mizizi mifupi, vinundu hakuna. Kipande cha jirani kisicho na gugu, mbegu ile ile imestawi. Niweke urea?

Bwana_Udongo: Urea haiondoi tatizo hilo, ndugu. Gugu karoti lina pathenini na asidi za fenoli, kemikali zenye sumu kwa mimea mingine. Mizizi huzitoa kidogo kidogo, lakini shehena kubwa iko kwenye majani na maua, kwa hiyo kulifukia bichi ni kulimwaga lote kwa mkupuo. Huzuia mbegu kuota, hudumaza mizizi na huwasumbua rizobia, yaani bakteria wanaojenga vinundu mizizini.

Hakikisha kwanza. Chukua udongo wa sm 10 za juu: makopo 3 ya udongo mbovu, 3 ya udongo mbovu wenye mkaa uliosagwa laini (kijiko 1 cha chakula kwa vikombe 2), na 3 ya udongo mzuri. Mbegu 10 kila kopo, maji sawa. Siku ya 10 ng'oa upime mizizi. Mkaa hunasa kemikali hizo. Palipo na mkaa pakipona, umepata jibu.

Shambani_Daima: Ongeza makopo 3 ya udongo mzuri wenye mkaa. Mkaa una potasiamu na hupunguza uchachu, unaweza kustawisha mmea hata pasipo na sumu, ukadanganyika. Pia pasua shina la miche iliyo shambani, usawa wa ardhi. Ukikuta limevimba na kupasuka, ndani kuna funza, huyo ni inzi wa maharage, wala si gugu.

Mkulima_Meru: Shukrani sana. Ikithibitika ni gugu, nisubiri muda gani?

Bwana_Udongo: Wiki 4 hivi, udongo ukiwa na unyevu muda wote, vijidudu ndivyo vinavyoivunja pathenini, na kwenye udongo mkavu havifanyi kazi. Rudia makopo kabla ya kupanda.

Shambani_Daima: Safari ijayo ling'oe kabla halijatoa maua, baada ya mvua, na shingo ya mzizi itoke, ikibaki linachipua. Mche mmoja huzaa mbegu zaidi ya 10,000, na zilizofukiwa hukaa miaka. Vaa glavu, mikono mirefu na barakoa, maana linawasha ngozi na kuleta pumu. Ng'ombe asilile, maziwa huwa machungu.