Modeli ya bahari ikilipuka, jibu ni "ongeza mnato" tu? Acheni uvivu!

Wakuu, leo nasema na sijali nani atanuna. Uliza popote kwa nini modeli yako ya mzunguko wa bahari (programu ya kompyuta inayokokotoa mikondo) imelipuka, yaani kasi ya maji imepaa mpaka haina maana. Wa kwanza atakwambia ongeza mnato (msuguano wa ndani ya maji unaotuliza mwendo), wa pili atakwambia punguza hatua ya muda (muda ambao modeli inaruka kwa kila hesabu). Hakuna anayekuuliza milinganyo ya momenta, ile inayokokotoa kasi ya maji, unaitatua kwa njia gani!

Haya, tupige hesabu. Mtu ananakili mnato wa mita za mraba 10,000 kwa sekunde kutoka gridi (bahari iliyogawanywa vijisanduku) ya kilomita 100, anaubandika kwenye gridi ya kilomita 1 yenye hatua ya sekunde 60. Zidisha mnato kwa hatua, gawanya kwa mraba wa upana wa kijisanduku: 0.6. Kwa njia ya Euler ya mbele, inayopata thamani mpya kutoka za hatua ya sasa tu, katika pande mbili, kikomo cha kutolipuka ni 0.25. Dawa yenyewe ndiyo imemuua mgonjwa, na bado mnamwandikia dozi kubwa zaidi.

Wenye lipfrogi (njia inayoruka kutoka hatua iliyopita hadi ijayo kwa kutumia mabadiliko ya hatua ya sasa) ndio balaa kabisa. Ukikokotoa msuguano kwa thamani za hatua ya sasa, modeli italipuka hata upunguze hatua vipi. Lazima utumie za hatua iliyopita. Halafu hatua shufwa na witiri huanza kuachana, ndipo kinapowekwa kichujio cha Robert na Asselin cha kuzilainisha, ambacho nacho kinashusha usahihi kutoka daraja la pili hadi la kwanza (kosa halipungui tena haraka unapopunguza hatua). Mgawo wa kichujio hicho (namba ya nguvu yake) mnauandika kwenye ripoti zenu? Wapi!

Hiyo ya kupunguza hatua nayo ina mahali pake. Kwenye kina cha mita 4,000 mawimbi marefu ya juu ya bahari hukimbia karibu mita 200 kwa sekunde, yale ya ndani, kati ya matabaka ya maji, mita 3 hivi. Ndiyo maana mwendo wa wastani wa kina kizima, unaobeba mawimbi hayo ya kasi, hutatuliwa peke yake kwa vihatua vidogo, na mengine kwa hatua kubwa. Kama tatizo liko kwenye vihatua hivyo, kwa nini nikate hatua ya modeli nzima na kuunguza muda wa kompyuta?

Kinachoniudhi kuliko vyote ni modeli ambazo tabaka zake hufuata sakafu ya bahari. Penye mteremko mkali, nguvu ya kanieneo (msukumo wa maji) ni tofauti ya namba mbili kubwa zinazokaribia kufutana, na kosa dogo linazaa mikondo ya maji isiyokuwepo. Weka bahari tulivu, matabaka ya msongamano yaliyolala sawa, mlima mmoja chini, upepo sifuri. Mkondo wowote utakaouona hapo ni wa uongo. Mnato haulirekebishi kosa hilo, unalipaka rangi tu, tena unaua na vizingia (mizunguko ya maji) vya kweli.

Anayetaka kunijibu aweke kwanza upana wa gridi, hatua zote mbili (kubwa na kihatua), mgawo wa kichujio na matokeo ya jaribio la mlima. Bila hivyo, pita kimya.